Mwongozo kwa Mheshimiwa Anayetaka Vita Bila Kuonekana Amevitaka

Mheshimiwa, hongera kwa cheo kipya. Tumesikia una jeshi, una bendera, una watu wa kukupigia makofi hata ukipiga chafya, na kwamba kilichobaki ni vita kidogo vya kukuingiza vitabuni. Usihangaike kwenda mbali. Njoo huku Majanji, Busia ya Uganda, ufukweni mwa Ziwa Victoria. Ukisimama mwaloni unaiona Kenya kwa macho yako. Mto Sio unamwaga maji yake hapo karibu, na hapo ndipo mpaka unapotoka ziwani na kupanda nchi kavu kuelekea Busia mjini na hatimaye Malaba. Wasamia wako pande zote mbili, wanaoana na kuzikana. Ni mahali pazuri pa kuanzia, kwa sababu hakuna aliyeamka leo akimchukia jirani yake. Kitakachotokea kitakuwa jasho lako mwenyewe.

La kwanza: usiseme kamwe kwamba unataka vita. Anayesema hivyo hushtukiwa mapema na kuletewa wasuluhishi. Wewe sema unataka amani, ila amani yenye heshima. Neno "heshima" likishaingia, mengine yatafuata yenyewe.

La pili, na hapa ninakuomba utulie: soma historia. Wasomi watakuambia viongozi huingia vitani kwa kuwa hawajui yaliyopita. Si kweli. Idi Amin aliyajua. Februari 1976 alisimama akawakumbusha Waganda kwamba sehemu kubwa ya magharibi mwa Kenya ilikuwa ya Uganda, hadi mahali palipobaki kiasi cha kilomita 32 kufika Nairobi. Alidai na kipande cha kusini mwa Sudan pia. Watu wakamcheka, lakini kuhusu Kenya msingi wa hoja yake ulikuwa wa kweli kabisa. Reli ilifika Kisumu Desemba 1901, na Kisumu ya wakati huo ilikuwa Uganda. Waingereza wakaona ni usumbufu reli moja kuwa chini ya tawala mbili, hivyo Aprili 1902 wakalikata Jimbo la Mashariki la Uganda na kulikabidhi upande wa pili, bila kumuuliza mtu yeyote wa Kisumu wala Naivasha. Basi Amin hakukosea tarehe. Alichofanya ni kuchagua ukurasa mmoja na kuzifunga nyingine zote. Nawe fanya vivyo hivyo. Tafuta mwaka ambao nchi yako ilikuwa kubwa kuliko ilivyo leo. Kila nchi ina mwaka wake wa namna hiyo. Yaliyotokea baada ya mwaka huo waachie walimu wa sekondari.

Kuna ukurasa mmoja hasa ambao usiufungue, nao ni ule unaoeleza kilichofuata. Kenyatta, rais wa Kenya wakati huo, alijibu kwamba hatatoa hata inchi moja. Makuli wa bandari ya Mombasa wakakataa kugusa shehena za Uganda. Watu wakajaa barabarani wakiandamana. Amin akarudi nyuma, akasema hakutaka ardhi ya mtu. Ungedhani amejifunza. Usiku wa kuamkia tarehe 4 Julai mwaka huohuo makomando wa Israeli wakashuka Entebbe kuwaokoa mateka, na ndege zao zikajaza mafuta Nairobi zikirudi. Amin akawaka. Wakenya waliokuwa wakiishi Uganda wakauawa, wengi wakakimbia kupitia mipaka hii yetu wakiwa na walichoweza kubeba. Kenya ikabana mafuta. Nchi isiyo na bahari ikibanwa mafuta, vifaru vyake vinakuwa mapambo. Agosti, makubaliano yakatiwa sahihi Nairobi.

Angalia kilichozuia vita mwaka ule, mheshimiwa, ili ukiondoe mapema. Hapakuwa na hekima ya kutosha wala kumbukumbu ya kutosha. Palikuwa na petroli.

La tatu, jifunze kufunga mpaka. Ni kitendo cha bei nafuu na kinaonekana vizuri kwenye picha: askari, kizuizi, malori yaliyojipanga hadi upeo wa macho. Usijali kwamba utafunga barabara tu na kuacha njia za panya wazi. Barafu iliipiga mibuni ya Brazil mwaka 1975, bei ya kahawa duniani ikapaa, na kahawa ya Uganda ikaanza kuvuka usiku kwa baiskeli, kwa punda na kwa mitumbwi, mpaka soko la Chepkube upande wa Kenya likatajirisha watu ambao hawakuwa na shamba hata la mibuni kumi. Amin akamtuma Bob Astles, Mwingereza wake, kuwawinda wafanya magendo ziwani. Mvuvi wa Majanji aliyetoka kutega samaki usiku alilazimika kuthibitisha kwamba samaki si kahawa, na aliyemuuliza alikuwa na bunduki. Jambo hili litakufaa: kabla hujampiga adui, wapige kwanza watu wako wanaofanya biashara naye. Utapata mazoezi.

La nne, ukikwama na jirani mmoja, geukia mwingine. Hii ndiyo sehemu ambayo wanafunzi wazuri wa Amin huisifu. Mashariki palimshinda, basi Oktoba 1978 jeshi lake likaingia kusini, Kagera ya Tanzania, na tarehe 1 Novemba akatangaza kwamba eneo lote la kaskazini mwa mto Kagera ni la Uganda. Daraja la Kyaka likalipuliwa. Ili kuonyesha kwamba yeye si mtu wa chuki, akapendekeza amalize ugomvi na Nyerere ulingoni, Muhammad Ali akiwa refa. Nyerere, ambaye hakuwa na kilo za kutosha wala muda wa mchezo, akawatajia Watanzania mambo matatu waliyokuwa nayo: sababu, uwezo na nia. Machi 1979 waasi wakaivamia Tororo, na jeshi la Amin likajikuta likipigana huku kwetu mashariki wakati Watanzania wanapanda kutoka kusini. Tarehe 11 Aprili Kampala ikaanguka.

Utaniuliza, mheshimiwa, kama hiyo ndiyo faida ya vita. Mimi naandika mwongozo tu. Lakini kwa kuwa umeuliza: Tanzania ilishinda, na ushindi huo unakadiriwa kuigharimu dola milioni 500, fedha ambazo haikuwa nazo. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imeshakufa mwaka 1977, kwa hiyo hapakuwa hata na meza ya kukaa kulalamikiana.

Huenda ukadhani kwamba baada ya hapo mpaka huu ungeachwa upumzike. Hapana. Desemba 1987, Amin akiwa uhamishoni na viongozi wapya madarakani, wanajeshi wa Kenya na wa Uganda walirushiana risasi Busia mjini. Watu wakafa. Kila upande ulikuwa na hakika kwamba mwenzake anawafuga waasi wake. Wakati huo Alice Lakwena, mwasi wa Uganda, alikuwa ametoka kupita na jeshi lake Tororo, wapiganaji wake wamejipaka mafuta ya kuzuia risasi. Alipigwa karibu na Jinja akakimbilia Kenya. Ukichanganya waasi, malori ya kahawa yaliyonyimwa kazi kwa sababu Uganda ilitaka kusafirisha kwa reli, na marais wawili wasioaminiana, unapata kitu kinachofanana sana na 1976. Moi na Museveni wakakutana Malaba kabla mwaka haujaisha, mpaka ukafunguliwa, malori yakapita. Hakuna aliyewahi kutuambia zile risasi zilikuwa za nini.

Ukikosa waasi, kuna visiwa. Migingo ni jiwe lenye mabati, dogo kuliko kiwanja cha mpira, lakini maji yake yana sangara. Amri ya mfalme wa Uingereza ya mwaka 1926 iliuchora mpaka wa ziwani kutoka kisiwa hadi kisiwa mpaka mlango wa mto Sio, na Migingo haikutajwa; labda kwa sababu mwaka ule hapakuwa na mtu wa kuishi juu ya jiwe. Mwaka 2009 polisi wa Uganda walikuwa kisiwani, vijana wa Kibera waking'oa reli iendayo Uganda, na Museveni akatoa kauli ambayo ninakushauri uikariri: kisiwa ni cha Kenya, ila maji ni ya Uganda. Samaki, kama unavyojua, hawaishi juu ya jiwe.

La mwisho, usisahau simu yako. Zamani mheshimiwa alihitaji redio na uwanja uliojaa watu. Siku hizi kukosa usingizi kunatosha. Oktoba 2022 Jenerali Muhoozi Kainerugaba, mtoto wa Rais Museveni, aliandika Twitter kwamba yeye na jeshi lake wangeiteka Nairobi kwa muda usiozidi wiki mbili. Wakenya wakacheka. Baba akawaomba radhi Wakenya. Jenerali akaondolewa kwenye uongozi wa jeshi la nchi kavu, na kwa adhabu akapandishwa cheo. Mwaka 2024 akawa mkuu wa majeshi yote. Hapo ndipo nilipogundua kwamba mwongozo huu hauhitajiki sana; wahusika wanaujua kwa moyo.

Huku chini, siku za kawaida, mambo ni ya kuchosha. Kituo cha pamoja cha forodha cha Busia kilizinduliwa 2018 na Uhuru Kenyatta na Museveni, na lori sasa linakaguliwa mara moja badala ya mbili. Boda boda, kazi iliyozaliwa hapa mpakani kwa baiskeli, inavusha mama mwenye ndoo ya mukene, yaani dagaa. Kijana wa Majanji anakwenda kuposa Sio Port na kurudi jioni. Hakuna hata mmoja kati yao atakayeulizwa siku utakapoamua, mheshimiwa, na wote watalipa. Amin hakulipa, alifia Jeddah mwaka 2003, miaka 24 baada ya Kampala kuanguka.

Ukishayasoma yote haya na bado una hamu, kagua kwanza matangi yako. Karibu petroli yote inayotumika Uganda, pamoja na ile ya vifaru, huja kupitia Kenya.