Ng'ambo Ninayoiona Uani kwa Mama

Kwetu Kasenga, Kongo, nchi ya kigeni haihitaji ndege. Ukisimama pale mitumbwi inapofungwa unaiona Zambia, ng'ambo ya mto Luapula, na asubuhi majogoo yao na yetu huitikiana. Mama huvuka kwenda Kashiba na vitenge kichwani, jioni yuko nyumbani anapika bukari, yaani ugali. Basi mwaka 2022, nilipopata nafasi ya kusoma Kitwe, huko huko Zambia, nilijua safari imekwisha kabla haijaanza.

Siku hizi vijana wa mtaa hunijia kuomba ushauri wa safari za masomo. Huwasimulia haya, wakacheka, kisha wakaenda kumuuliza mtu mwingine.

Kwanza nilipanda gari kwenda Lubumbashi, kilomita zaidi ya 200 za vumbi, kutafuta pasi ya kusafiria, dola 99. Nilipokuwa naingoja nililala kwa yaya wangu, yaani mkubwa wangu wa kuzaliwa, kule Katuba. Yaya aliwahi kukaa Lusaka miezi miwili, kwa hiyo alikuwa na ushauri wa miaka ishirini. "Mudogo, diploma ya kweli usiibebe. Wataiiba. Peleka kopi." Nikamtii. Diploma yenyewe ikabaki Kasenga chini ya godoro la mama. Yaya akanifundisha na Kiingereza cha mpakani, sentensi kumi na mbili, nikazikariri kama sala.

Mpakani Kasumbalesa, katikati ya malori ya shaba yaliyopangana hadi macho yachoke, afisa wa Zambia akanitazama, akauliza, "Muleya kwi?" Yaani, mnakwenda wapi. Kibemba, lugha niliyonyonya! Lakini sentensi zilikuwa zimeshapanda kooni. Nikazitoa zote kumi na mbili, hata ile ya kusema sina mifugo. Afisa akamgeukia mwenzake, akamwambia kwa Kibemba kwamba kijana huyu katoka mbali sana, masikini, tumsaidie. Niliona aibu kusema nimeelewa. Akaniomba kadi ya njano ya chanjo kwa ishara za mikono, na mimi nikamjibu kwa ishara.

Magari ya kule hupita kushoto. Hilo nililijua, ila shingo yangu haikuwa imeambiwa. Tuliache.

Balaa lenyewe lilikuwa majina. Mkongomani ana matatu: la kwanza la ukoo, la pili tunaloliita postinomu, la tatu la ubatizo. Mwaka 1972 Rais Mobutu alipiga marufuku majina ya kizungu, watu wakajaza pengo kwa majina ya mababu. Majina ya ubatizo yaliporuhusiwa tena, hakuna aliyetaka kumfukuza babu. Sasa fomu ya chuo ilikuwa na visanduku viwili tu. Ofisi moja ikamtupa babu, ofisi nyingine ikautupa ubatizo. Nikawa wanafunzi wawili. Mmoja alikuwa amelipa ada lakini hana kitanda. Mwingine alikuwa na kitanda kizuri karibu na dirisha, na hajalipa hata kwacha moja. Nilikuwa nikilala kwa jina la babu na kusoma kwa jina la mtakatifu, mpaka karani akatangaza kwamba babu atafukuzwa bwenini Ijumaa, isipokuwa iletwe diploma. Ya kweli. Kopi hataki.

Nilimpigia mama simu huku natetemeka. Mwenzangu wa chumbani, aliyekuwa akisikiliza, akauliza, "Mama yako ni yule wa vitenge?" Kijana huyo kwao ni Kashiba! Tumekua tukitazamana moshi wa mbabula, yaani majiko ya mkaa, tumekutana Kitwe.

Mama hakusumbuka hata kidogo. Akaifunga diploma kwa plastiki, akaitia kwenye beseni la chisense, dagaa wetu, akavuka kama kawaida, akamkabidhi mama wa mwenzangu. Binamu wa mwenzangu akapanda nayo basi: Mansa, kisha daraja la Chembe. Na hapa ndipo nilipochoka. Watu wa mkoa wa Luapula, wakitaka kufika Kopabeliti, mkoa wa Kitwe, kwa njia ya mkato, hukatiza ile pembe ya Kongo iliyochomoza ndani ya Zambia, wakatokezea Mokambo na Mufulira. Kwa hiyo diploma yangu ilitoka Kongo, ikarudi Kongo, ikatoka tena, bila pasi, bila kadi ya njano na bila sentensi hata moja ya Kiingereza. Alhamisi mchana ilikuwa Kitwe.

Karani aliifungua plastiki taratibu. Akaisogeza diploma puani, akafumba macho. Nikajua nimekwisha, wataninyima kitanda kwa sababu ya harufu.

"Chisense cha Luapula hiki," akasema kwa Kibemba. "Hamkubakiza?"

Nikamjibu kwa Kibemba, haraka, kabla zile sentensi hazijapanda.