Ada ya Mgeni

Masikio yangu yangali yanawaka, na ingawa wenzangu wamekwisha lala na kelele za Kisangani zimetulia, bado naisikia sauti ya yule kijana mwenye daftari la risiti, pale penye njia ishukayo kwenye maporomoko ya Wagenia, akiniambia kwa upole uliozidi tusi kwa uchungu: "Papa, weye utalipa ya wageni. Kiswahili yako si ya hapa."

Maneno hayo yalisemwa mbele ya rafiki zangu watatu wa Yahuma, niliowaongoza siku nzima kwa madaha ya mwenyeji, nao walikuja wakiwa na itikadi kwamba mji wenye bandari, kingo za mawe na upepo wa jioni haupungukiwi na kitu ila chumvi ili uitwe mji wa pwani. Itikadi ambayo sikuona haja ya kuibatilisha, ijapokuwa hata Kinshasa, iliyo karibu zaidi na bahari, iko zaidi ya kilomita 1,700 kutoka hapa kuufuata mto. Wao walimjibu kijana kwa Kilingala cha haraka, wakapita kwa bei ya wananchi. Mimi, kwa kutaka kuihifadhi heshima yangu, nilimjibu kwa lugha fasaha kadiri nilivyojaliwa, nikatia "la hasha" na "kwa hakika", na kila sentensi ikanivusha mpaka mmoja zaidi, hata nilipofika kwenye "ilhali" kijana alikuwa amekwisha niandika kuwa Mtanzania. Nikatoa kadi yangu ya kupiga kura. Ole wangu! Wino wake umefifia hata picha haina tena uso, pamebaki mabega mawili yakisubiri kichwa. Kijana akaiinua juani akaipima kama apimavyo mtu yai analolishuku, kisha akanirudishia kwa huruma.

Nalipenda kumkumbusha, walakini foleni ilikuwa ndefu, kwamba lugha hiyo iliyonitia hatiani ilipandishwa hapa na misafara kutoka mashariki, na kwamba mwaka 1887 Hamed bin Muhammed el-Murjebi, ambaye dunia humwita Tippu Tip, aliwekewa mkataba na Mfalme Leopold wa Ubelgiji awe liwali wa maporomoko haya haya, kwa mshahara wa pauni 30 kila mwezi. Kwa hiyo Mzanzibari halisi alilipwa ili akae hapa. Mimi niliyezaliwa hapa natozwa ili nipatazame!

Nikalipa. Baada ya ada ya kuingia ikafuata ya picha, kisha ya mtumbwi, kisha ya mtu wa kuvilinda viatu ambavyo hatukuvivua.

Walakini nilipoyaona maji, ghadhabu iliniacha kwa muda. Maporomoko ya Boyoma ni saba, yametandaa katika masafa ya kilomita 100 na zaidi toka upande wa Ubundu, na kwa jumla hayashuki ila mita 60 hivi. Yaani mto hauanguki, unateremka kwa hasira, ngazi baada ya ngazi, na hili la Wagenia ndilo la mwisho. Katikati ya hasira hiyo wavuvi wamesimamisha magogo. Jambo hili sharti nilieleze vizuri, kwa maana nililitazama mpaka wenzangu wakanivuta shati. Maji yenyewe, kwa kuzunguka juu ya mwamba dahari nyingi, yamechimba mashimo, na ndani ya mashimo hayo hutiwa miguu ya magogo marefu, yakaegemezwa matatu matatu na kukazwa kwa mbugu za msituni, bila msumari hata mmoja. Hapo hufungwa migono mikubwa, yenye mdomo mpana na mkia mwembamba, mdomo ukielekea kule maji yatokako. Hakuna chambo wala mlango. Samaki anayechukuliwa na mkondo huingia, hufika penye wembamba, na akitaka kugeuka hukuta mto mzima umemkalia mgongoni: nguvu ile ile iliyomleta ndiyo inayomfunga. Kina kikipanda au kikishuka, mgono nao hupandishwa au hushushwa. Na gharika ikiyang'oa magogo, watu hurudi msituni kukata mengine. Mwanamume mmoja alijitosa mbele yetu, akapotea kwenye povu, akazuka penye gogo la tatu, akalipanda kwa mikono na nyayo, kisha akaanza kuuvuta mgono uliokuwa mzito kwa maji tu.

Ulipotoka mtupu, wenzangu walipiga makofi hata hivyo. Nikamwuliza mpiga kasia wetu ni kiasi gani cha zile risiti zetu humfikia yule mtu wa gogoni. Akacheka, akatazama ufukweni kwa wenye madaftari, akaendelea kupiga kasia. Hapo ucheshi wote ulinitoka. Wanaoandika wako kivulini, anayetazamwa yuko majini, na babu zake ndio waliobuni kitu ambacho mtu wa risiti anakiuza. Nami ningetoa ada ya mgeni mara mbili bila kunung'unika lau ningeruhusiwa kumtupia mvuvi mwenyewe.

Yaliyosalia ya siku ile hayana uzito. Toleka, baiskeli ya abiria niliyopanda kurudi mjini, ilikatika mnyororo. Mvua ilitukuta mbele ya kanisa kuu, mlango ukiwa umefungwa. Mmoja wetu aliacha mwavuli Lubunga.

Jioni tuliketi katika hoteli ndogo karibu na mto, tukaagiza samaki kwa sauti ya watu waliomstahiki. Mama akatuletea makayabo, samaki wa chumvi aliyevuliwa katika bahari ya mbali, akakaushwa, akasafirishwa siku nyingi. Wa hapa, alisema, ni ghali mno, hununuliwa asubuhi na wenye magari. Wale wa Yahuma waliramba vidole, wakatazamana kwa ushindi: chumvi ilikuwa imepatikana. Wakaagiza sahani ya pili, nikailipia.