Yah: Maombi ya Kibali cha Kuwa wa Ajabu

Kwa Wizara yenye dhamana ya Utamaduni na Sanaa,
Dodoma.

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu. Sisi wakazi wa Balangdalalu, wilayani Hanang, tunaomba kibali cha kuwa wa ajabu. Tunaogopa kuanza bila karatasi, maana tunakumbuka yaliyowapata wenzetu.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 Wamasai wa mkoa wa Arusha, ambamo nasi tulikuwamo hadi Manyara ilipozaliwa mwaka 2002, walikatazwa kuja mjini na lubega. Wavae suruali, taifa lisiaibike mbele ya wageni. Leo wageni haohao wanavutwa kwa picha ya lubega. Mtujulishe basi: ajabu hukaa miaka mingapi kabla ya kuwa kivutio? Tujipange.

Edward Saidi Tingatinga wa Tunduru, aliyefariki mwaka 1972, hakusomea uchoraji. Alitwaa ubao wa dari na rangi ya baiskeli akachora wanyama anaowajua yeye. Angetakiwa kuleta andiko la mradi lenye matokeo tarajiwa, hiyo rangi ya baiskeli hatujui angeiweka kifungu gani. Siku hizi picha za mtindo wake zimejaa maduka ya watalii, zinafanana kama sare za shule, na hakuna anayezionea shaka.

Huku kwetu mali ipo. Kiiraqw ni Kikushi, Kidatoga ni Kiniloti, Kinyaturu ni Kibantu, na Kihadzabe cha Yaeda Chini, upande wa Mbulu, hakijapatiwa ndugu hata mmoja. Wahunzi wa Kidatoga kule Eyasi huyeyusha makufuli mabovu na koki za maji, zikatoka bangili. Vijana wetu nao, kwa utii wa kusifika, wakitunga wimbo huimba kwa lafudhi ya Sinza ya Dar es Salaam, redio isije ikashtuka. (Mtangazaji wa redio hashtuki kirahisi, lakini nani amwambie kijana?)

Endapo Baraza la Sanaa litaona tumezidi, litufungie kama lilivyoufungia wimbo "Mwanza" wa Rayvanny na Diamond Platnumz mwaka 2018. Hatutakata rufaa. Fedha za matangazo hatuna.

Tunaomba kuwasilisha.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,
Kwa niaba ya wakazi, Balangdalalu.

Nakala: Mwenyekiti wa Kijiji, kwa taarifa tu, yeye ameshatuzoea.