Mmisionari Kaja, Injili Ilishafika

Kijana wa kimisheni akishuka Dodoma, shati jeupe limepigwa pasi, huamini kaja kuwasha taa. Waliomtuma hawakumwambia kuwa wamisionari wa Kianglikana wa CMS walikuwa na kituo Mpwapwa, mkoani humo humo, tangu miaka ya 1870, wala kwamba Dayosisi ya Central Tanganyika iliundwa mwaka 1927, askofu wake wa kwanza akiwa George Chambers kutoka Australia. Injili ina karibu miaka 150 katika nyanda hizi. Yeye ana 20.

Basi anabisha hodi kwenye nyumba moja mtaa wa Chang'ombe, mjini Dodoma. Bibi anaitikia shikamoo yake (ameifanyia mazoezi ndani ya ndege), anamwekea ugali wa uwele na mlenda. Kijana anachovya tonge, mlenda unamfuata hadi kiwikoni, halafu kwenye lile shati. Bibi anampa kitambaa, kisha anaanza yeye: Umeokoka? Lini? Na mama yako anajua uko huku? Hapo kwenye mama ndipo kijana anapokwama.

Mwisho bibi anamwombea kwa sauti ya kufika mtaa wa pili. Kijana anapiga picha na wajukuu, anaituma kwao: "Tunawafikia wasiofikiwa." Wasiofikiwa wenyewe wanachelewa mazoezi ya kwaya kwa ajili yake.

Nanyi wafadhili wa huko ng'ambo, michango yenu tumeiona, asanteni. Mkimtuma mwingine, mpeni kofia, maana jua letu ni kali. Na ajifunze kula mlenda kabla hajaja kutufundisha wokovu.