Barua ya Wazi kwa Mkuu wa Chuo: Mimi si Roboti

Upanga, Dar es Salaam
Juni 2025

Ndugu Mkuu wa Chuo,

YAH: SHUKRANI KWA HUDUMA NILIZOPEWA WAKATI WA KORONA

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Jina la chuo nimeliacha makusudi, ili kila mkuu wa chuo atakayesoma barua hii aamini kwamba anasemwa jirani yake.

Mimi ni yule mwanafunzi asiyeona aliyekuwa akikaa mstari wa mbele, chini ya feni mbovu. Nilishahitimu; cheti ninacho, na nimeambiwa kina mhuri. Miaka mitano imepita na sijawahi kukushukuru. Nyumbani tulifundishwa kwamba mtu hushukuru kwanza, maombi yanafuata.

Nianze na zile siku 75. Tarehe 16 Machi 2020 tulitangaziwa mgonjwa wa kwanza wa korona nchini. Siku mbili baadaye Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akatangaza kufunga vyuo, na havikufunguliwa hadi tarehe 1 Juni. Muda wote huo chuo chako hakikunipa somo hata moja. Uzuri ni kwamba wanaoona nao hawakupewa. Hakuna aliyeachwa nyuma, kwa sababu hakuna aliyekwenda mbele. Tangu nianze darasa la kwanza sikuwahi kuonja usawa wa namna ile. Hata dawa yenyewe ya msimu ilikuwa ya haki: kwenye nyungu unafunikwa blanketi, mvuke unakupanda, na humo ndani sote hatuoni. Hakuna aliyeulizwa nywila.

Kisha ukafungua chuo, mambo yakaharibika.

Ili kupunguza msongamano madarasani, mliamua madesa yawekwe mtandaoni. Wazo zuri, nalisema bila kejeli. Nilikuwa naishi kwa mjomba, kwenye zile ghorofa za zamani za Upanga. Jioni ya kwanza nikavaa spika za masikioni, nikafungua faili la somo la Falsafa ya Elimu. Kompyuta yangu ina kisoma skrini, yaani programu inayotamka maandishi yaliyo kwenye kioo. Ikaniambia: hati tupu. Nikasogea ukurasa wa pili. Tupu. Kurasa 62, zote tupu. Nikakaa kidogo nikitafakari. Nilidhani labda ndiyo falsafa yenyewe.

Nikamwita binti wa mjomba, wakati huo yuko darasa la sita. Akatazama, akacheka. Maandishi yapo, akasema, ila yamepigwa picha kwa simu, mengine yamelala upande, na kwenye ukurasa wa tisa kuna kidole gumba cha mwalimu. Kisoma skrini changu hakikujua kusoma picha, Ndugu Mkuu. Kwake picha ya ukurasa ilikuwa sawa na picha ya ukuta.

Basi yule mtoto akawa mhadhiri wangu. Shule za msingi zilikuwa bado zimefungwa, nafasi alikuwa nayo. Alinisomea Kiingereza asichokielewa, neno epistemolojia akilitamka kwa namna tatu ndani ya aya moja, na akifika kwenye kidole gumba ananiarifu: "Hapa maneno mawili yamefunikwa, kaka." Tarehe 29 Juni shule zikafunguliwa, msomaji wangu akarudi darasani kwake. Mimi nikabaki na kurasa 62 tupu, na mtihani.

Kinachonisumbua hadi leo hakihusu pesa wala utaalamu. Mhadhiri yule aliandika madesa yake kwenye kompyuta. Halafu akayachapa kwenye karatasi. Halafu akaipiga picha karatasi. Halafu akairudisha picha kwenye kompyuta, akaituma. Faili nililokuwa naliomba alikuwa nalo mkononi tangu mwanzo! Alitumia wino, karatasi, umeme na jioni nzima ili lisinifikie. Nimefanyiwa kazi kubwa, nami nisipoishukuru nitakuwa mwizi wa fadhila.

Ikaja zamu ya kujiandikisha mitihani. Tovuti ya chuo ikanitaka nithibitishe kwamba mimi si roboti: nichague picha zote zenye taa za barabarani. Nilijaribu mara kumi na moja. Mara ya kumi na moja mfumo ukajiridhisha kwamba mimi ni roboti, ukanifungia nje. Namba ya malipo ya ada haikuwa na shaka kama hizo; pesa yangu iliingia kwa jaribio la kwanza, na stakabadhi ilikuja na jina langu kamili, la binadamu.

Nikaomba muda wa ziada kwenye mtihani, kama taratibu zenu zinavyoruhusu. Nikapewa fomu ya kujaza kwa kalamu ya bluu. Nikaambiwa pia nilete uthibitisho mpya wa daktari, kwa kuwa ule niliouleta mwaka wa kwanza ulishapitwa na wakati. Dunia nzima inaambiwa iepuke hospitali kama haina sababu, mimi nikapanga foleni ili nithibitishe kwamba bado sioni. Daktari hakunipima sana. Aliandika mstari mmoja, akagonga mhuri, akaniambia pole.

Usidhani nalia peke yangu. Mwenzetu kiziwi alifundishwa kupitia mkalimani aliyevaa barakoa ya kitambaa. Lugha ya alama haiko mikononi tu. Nyusi, mashavu na mdomo vina kazi yake, na kitambaa kile kilikata nusu ya sentensi. Mihadhara iliyorekodiwa ikaja bila maandishi chini ya picha. Alikuwa anatazama mtu anachezesha barakoa kwa dakika hamsini.

Na kuna lile la getini. Mliweka ndoo ya kunawia ya kukanyaga, ili mtu asiguse bomba. Rafiki yangu anatumia kiti mwendo. Mlinzi akamwambia, kwa upole kabisa, "Kanyaga hapo chini, bro." Rafiki yangu akanyamaza. Mwisho mimi nikasogea, yeye akawa ananielekeza: kulia kidogo, rudi nyuma, hapohapo, kanyaga. Asiyeona akikanyaga, asiyetembea akinawa. Mlinzi aliposhuhudia maji yanatoka akasema, "Safi, piteni." Nadhani hadi leo anaamini ndivyo kifaa kile kilivyokusudiwa kutumika.

Nilipoanza kulalamika kwa maandishi, ofisi yako ilijibu haraka: hakuna bajeti. Niliomba kompyuta chache za maktaba ziwekewe NVDA. Hicho ni kisoma skrini alichoanza kukitengeneza Michael Curran, Mwaustralia asiyeona, mwaka 2006, kisha akaungana naye James Teh, ambaye naye haoni. Wanakigawa bure. Nikauliza kitu cha bure kinahitaji bajeti ya kiasi gani. Nikaambiwa niandike barua. Ndiyo hii.

Ukipata nafasi, Ndugu Mkuu, chukua bajaji ushuke Kariakoo, Mtaa wa Congo. Ni mwendo mfupi tu kutoka Upanga. Pale kuna kijana anauza soksi. Ana spika ndogo aliyoirekodi sauti yake mwenyewe, inazunguka kutwa nzima: soksi buku, soksi buku, pamba tupu, soksi buku. Mimi nikipita pale najua kinachouzwa, najua bei, na najua niko umbali gani kutoka kwenye meza yake. Sijui kama yule kijana amewahi kuisikia Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010. Hana kamati ya TEHAMA wala mpango mkakati wenye jalada la rangi. Ana betri na nia ya kuuza. Chuo chako kina watu wenye shahada za uzamivu za kompyuta, na tangazo la ratiba ya mtihani lilikuja kwenye kundi la WhatsApp likiwa picha ya karatasi iliyobandikwa ukutani. Picha yenyewe, nikaja kuambiwa, ilikuwa na ukungu. Kwa hiyo hapo napo tulikaribia usawa.

Tusiseme nchi haikujua. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu tuliuridhia mwaka 2009. Sheria yetu wenyewe ikafuata mwaka mmoja baadaye. Na mwaka uleule wa 2020, mimi nikiwa nasomewa kidole gumba, Tanzania ilijiunga na Mkataba wa Marrakesh, unaoruhusu kitabu chenye hakimiliki kigeuzwe nukta nundu au sauti kwa ajili ya asiyeona, bila kwanza kumpigia magoti mwenye hakimiliki. Wala ufundi wa kumfundisha mtu aliye mbali haukuwa mgeni kwetu: Chuo Kikuu Huria, hapo Kinondoni, kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 na kikaanza kufundisha mwaka 1994. Kutoka Upanga hadi kule ni safari ya daladala moja. Sina habari kama ofisi yako iliwahi kupanda.

Utaniuliza kwa nini nafukua ya korona leo, wakati Shirika la Afya Duniani lilishatangaza tarehe 5 Mei 2023 kwamba dharura imekwisha. Nafukua kwa sababu Januari 2025 Rais Samia alitangaza ugonjwa wa Marburg mkoani Kagera, na haikuwa mara ya kwanza. Mwaka 2023 ilikuja palepale. Mara zote mbili ilidhibitiwa. Siku ikitokea moja isiyodhibitika, vyuo vitafungwa tena, na safari hii hamtakubali siku 75 za kukaa bure. Mtakimbilia mtandaoni siku ya pili asubuhi. Nataka kujua kidole gumba kitakuwa kwenye ukurasa wa ngapi.

Ombi langu ni dogo. Mhadhiri atume faili aliloliandika, kama alivyoliandika. Tovuti iniulize swali ninaloweza kulisikia. Uthibitisho wa daktari uombwe mara moja tu. Macho yangu yakirudi, nitakuwa wa kwanza kukujulisha, na nitakuja na picha.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mhitimu asiyeona, Upanga

Tanbihi: Barua hii nimeiandika kwa maandishi ya kawaida. Ikigoma kufunguka kwako, nijulishe. Nitamtuma binti wa mjomba aje akusomee. Sasa yuko kidato cha nne, na epistemolojia siku hizi anaitamka vizuri.