Barua ya Shukrani kwa Waandaaji wa Gari la Majaribio

Kwa Waheshimiwa Wakuu wa Idara za Habari na Uhusiano,
Viwanda vya Magari na Pikipiki,
Detroit, Stuttgart, Coventry, Iwata na kwingineko.

YAH: SHUKRANI KWA UKARIMU WENU

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Msomaji wa majarida ya magari, ambaye miaka yote amekuwa akitoa pesa zake mfukoni ili asome mnachotaka kumwambia, ameona si uungwana kuendelea kukaa kimya. Wazee walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nyinyi mmewapiku wazee, maana chenu hakijitembezi: kinatembezwa na mwandishi, kwa tiketi mliyomkatia, juu ya barabara mliyoichagua wenyewe, na jioni anarudi hotelini mnakolipa nyinyi. Asubuhi anakabidhiwa ufunguo wa gari lililokwisha kuoshwa, pamoja na karatasi yenye tarakimu zote, asije akahangaika kupima.

Waandishi wa Dar es Salaam na Nairobi, ambao kila siku wanasutwa kwa kusubiri bahasha ya nauli mwisho wa mkutano, wana mengi ya kujifunza kwenu. Bahasha ina aibu yake, inashikika. Chumba chenye dirisha la baharini hakishikiki, wala hakionekani kwenye picha ya jalada.

Lakini ukarimu wa malazi ni mdogo ukilinganisha na ule wa injini. Mwaka 1961 Jaguar ilizindua E-Type, na gari lililokabidhiwa jarida la Autocar la Uingereza likapimwa likikimbia maili 150 kwa saa, yaani kilomita 241. Wateja waliolinunua walikanyaga mafuta hadi mguu ukachoka, na maili 150 hawakuziona. Gari la waandishi lilikuwa limeandaliwa kwa namna ambayo la wateja halikuandaliwa. Hiyo ni adabu ya kawaida. Hata nyumbani mgeni hupewa kikombe kisicho na ufa.

Waliotia fora ni Pontiac. Machi 1964, jarida la Car and Driver la Marekani lilichapisha jaribio la Pontiac GTO, likililinganisha na Ferrari yenye jina hilohilo. Ferrari yenyewe haikufika. Mashindano yakafanyika hivyohivyo, mshindani mmoja akiwa barabarani na mwingine akiwa kwenye mchoro wa jalada. Pontiac, lilisema jarida, ilitoka kusimama hadi maili 60 kwa saa kwa sekunde 4.6, na hadi maili 100 kwa sekunde 11.8. Kwa gari la bei ile, kijana wa Marekani angekuwa na kichaa asipolitaka. Zaidi ya miaka 30 ilipita kabla Jim Wangers, mtu wa matangazo aliyelisimamia gari hilo, hajakiri kwamba chini ya boneti hapakuwa na injini ya inchi za ujazo 389 iliyotangazwa. Palikuwa na ya 421, karibu nusu lita zaidi. Waandishi waliendesha, wakapima, wakashangaa, wakaandika. Kitu ambacho hawakufanya ni kuhakikisha wanapima nini. Na msomaji hana budi kuwa mkweli hapa: jaribio lile lilisomeka kwa raha kuliko mengi ya kweli yaliyokuja baadaye.

Pikipiki nazo hazikusahauliwa. Yamaha ilitangaza kuwa R6 ya mwaka 2006 inazungusha injini hadi mara 17,500 kwa dakika, na mshale wa dashibodi ulitii tangazo. Injini yenyewe iliishia 16,200. Februari mwaka huohuo kampuni ilikiri, ikajitolea kuzinunua tena pikipiki za wateja wasioridhika, jambo ambalo kwa haki linastahili pongezi zisizo na kejeli. Linabaki swali dogo tu kwa wale walioinakili ile 17,500 kutoka kwenye karatasi yenu.

Wapo wakorofi pia, na msomaji anawapa pole. Dan Neil wa Los Angeles Times alipata tuzo ya Pulitzer mwaka 2004, mhakiki wa magari wa kwanza kuipata. Aprili 2005 akaiponda Pontiac G6, tena akapanda ngazi hadi kwa wakubwa wa General Motors waliolitoa gari hilo. Kesho yake kampuni ikaondoa matangazo yake gazetini, ikidai kuna makosa na upotoshaji. Mkono mtupu haulambwi, na General Motors waliufumba wao hadi Agosti. Gazeti halikumfukuza mwandishi wake. Juni 2009 kampuni hiyo iliingia mahakamani kuomba kinga ya kufilisika, na chapa ya Pontiac ikazikwa. Haisemwi hapa kwamba ukali wa Neil ungewaokoa. Ila mtu aliyeajiriwa kusema gari lina kasoro, akisema gari lina kasoro, pengine angesikilizwa kabla ya kunyimwa matangazo.

Mkorofi mkubwa zaidi alikuwa Msweden. Oktoba 1997, Robert Collin wa jarida la Teknikens Värld alilichukua Mercedes A-Class jipya, akaingia nalo kwenye jaribio ambalo jarida hilo limelizoea: kukata kona ghafla kushoto, kisha kulia, kama dereva anayemkwepa mnyama mkubwa wa misitu ya kaskazini aliyejitokeza barabarani. Gari likapinduka. Mercedes, huko Stuttgart, walianza kwa kukanusha, kama ilivyo desturi. Kisha wakasimamisha mauzo kwa majuma kadhaa, wakarekebisha gari, wakaliwekea mfumo wa kielektroniki wa kuzuia kuserereka ambao hadi wakati huo ulikuwa wa magari ya wenye nazo. Leo Umoja wa Ulaya haukubali gari jipya lisilo na mfumo huo. Jarida lile halikuwa maskini wala halikukataa matangazo. Lilikuwa na uwanja mtupu, vikoni vya plastiki na tabia ya kutobadilisha jaribio kwa sababu ya nembo iliyo mbele ya gari.

Sasa, Waheshimiwa, mambo yakifikia kilele chake hata nyinyi hamhitajiki. Ujerumani kuna chama cha wenye magari kiitwacho ADAC, kilichoanzishwa mwaka 1903 na waendesha pikipiki. Mwaka 2014 kilikuwa na wanachama karibu milioni 19, na jarida lake, Motorwelt, lilichapwa nakala zaidi ya milioni 13. Kila mwaka kiliwauliza wanachama gari wanalolipenda, na mshindi akapewa sanamu ya Malaika wa Njano. Januari 2014 gazeti la Süddeutsche Zeitung liliandika kwamba kura zimepikwa. Kwenye sherehe ya tuzo, mkurugenzi mtendaji wa chama alipanda jukwaani akalibeza gazeti hilo. Siku chache baadaye Michael Ramstetter, mhariri mkuu wa Motorwelt na msemaji wa chama, alikiri na kuachia ngazi. Volkswagen Golf ilipewa kura 34,299. Zilizopigwa zilikuwa 3,409.

Cha ajabu, Golf ingeshinda tu. Hakuna kiwanda kilichoonekana kuomba hisani hiyo. Baadhi yenu mlitangaza kurudisha sanamu, na rais wa chama akajiuzulu Februari. Mhariri alizidisha kwa karibu kumi ili tuzo ionekane kubwa, na tuzo ikiwa kubwa, jarida linakuwa kubwa, nanyi mnalipigia simu kwanza. Mwanafunzi aliyefuzu kiasi hicho hasubiri kutumwa.

Mwenye wivu atawatajia Consumer Reports, wanaochapisha tangu 1936 bila tangazo hata moja na wanaonunua magari yao dukani kama watu wengine, pasipo muuzaji kujua ni nani. Mwaka 1988 walisema Suzuki Samurai hupinduka kirahisi mno. Suzuki ikawashtaki mwaka 1996, na kesi ikaburuzwa hadi 2004, ilipomalizwa kwa maelewano bila upande wowote kulipwa. Uhuru wa aina hiyo unahitaji mawakili wenye subira, na majarida mengi hata mpiga picha hayana.

Afrika Mashariki nayo iliwahi kuwa na mhakiki asiyekubali mwaliko. Safari Rally, iliyoanza 1953, ilipitisha magari yenu kwenye tope na vumbi la Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84 yakafika 7. Mwaka 1968 yaliondoka 93, yakafika 7 tena. Mara zote mbili walioshinda ni Nick Nowicki na Paddy Cliff, katika Peugeot 404. Kweli, magari yale nayo yaliandaliwa, na ushindi ukaishia kwenye mabango yenu. Lakini hakuna aliyeweza kulikatia tope tiketi ya ndege.

Siku hizi gari likishuka Mombasa aghalabu limeshatumika. Kenya inaruhusu lisizidi miaka minane. Sifa za uzinduzi zimechujuka kitambo. Anayelisoma sasa ni fundi, akiwa chali chini yake, naye huanza uhakiki wake kwa kuguna.

Maombi ya msomaji ni mawili. Kwanza, kila habari ya uzinduzi ibebe mistari mitatu: nani alilipa tiketi, nani alilipa kitanda, na gari limetoka duka gani. Pili, mwandishi aliyelisifu aitwe tena likifikisha kilomita 100,000, aliendeshe, na safari hiyo ajilipie mafuta.

Wenu katika ujenzi wa shorumu,
Msomaji.

Nakala: Wahariri, kwa taarifa.
Fundi, kwa hatua zaidi.