Barua ya Wazi: Mpeni Tembo Ufadhili

Kwa Waheshimiwa Wajumbe,
Kamati ya Ufadhili wa Masomo ya Kilimo,
Popote mnapokutania.

YAH: KUMPENDEKEZA TEMBO KWA UFADHILI WA SHAHADA YA KILIMO

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Tangazo lenu tumelisoma ukutani, ingawa mvua ilikuwa imekwisha kula kona yenye tarehe ya mwisho. Mnatafuta kijana wa kusomeshwa ili aje kufufua kilimo palipokumbwa na maafa. Nimeizunguka kata yetu ya Mugeta nzima, na mwenye sifa karibu zote nimempata mmoja tu. Ana miguu minne na mkonga.

Mnataka mkazi wa kudumu. Pori la Akiba la Grumeti, hapa jirani, lilitangazwa mwaka 1994, na ukoo wake haujaonyesha dalili ya kuhama. Sensa ya mwaka 1986 ilihesabu tembo 2,058 katika ikolojia ya Serengeti na Mara. Ya mwaka 2014 ilihesabu 7,535. Vijana wetu nao hupungua kila basi la Mwanza linapopiga honi.

Mnataka uzoefu wa shambani. Wenzetu wa Hunyari na Mariwanda watamtolea ushahidi, nasi pia, maana tembo hasomi ramani ya kata. Mahindi yakikaribia kukomaa hujua kabla ya bwana shamba. Kwa siku anaweza kula hadi kilo 150, hivyo katika tathmini ya mavuno hana mpinzani. Muhogo wenye ugonjwa wa michirizi kahawia sisi huutambua siku ya kuung'oa, tunapoupasua na kukuta umeoza ndani. Yeye huufukua mapema, bila kusubiri majibu ya maabara.

Ajira baada ya masomo isiwaumize kichwa. Huyu ni mali ya serikali tayari.

Kuhusu maafa yenyewe, naona kuna neno la kunyoosha. Mafuriko yakisomba shamba huitwa maafa. Tembo akilimaliza huitwa kivutio, na mwenye shamba hupewa kifuta jasho. Kanuni za mwaka 2011 ziliweka kati ya shilingi 25,000 na 100,000 kwa ekari, mwisho ekari tano, na kiwango kilipanda kadiri shamba lilivyokuwa mbali na mpaka wa hifadhi. Yaani aliyejenga mlangoni kwa tembo ndiye aliyehesabiwa jasho dogo. Nilikaa nikapiga hesabu: hiyo 25,000, thamani ya ekari nzima ya mahindi, haimfikishi mwanafunzi Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, kwa basi, sembuse kumlipia chumba akifika.

Sasa sifa ya tatu, daraja la kwanza. Hapa mgombea wangu ana upungufu, lakini naomba msamaha wenu kwa sababu hata watoto wetu wanaangukia papo hapo. Msimu wa mahindi mpwa wangu hushika tochi na debe baada ya chakula cha jioni. Tunapiga kelele, tunawasha moto wa pilipili na kinyesi cha ng'ombe, tunakimbia, tunarudi. Alfajiri ananiambia, "Mjomba, ngoja nijilaze kidogo," na hicho kidogo hukimalizia darasani, mwalimu akieleza jinsi mikunde inavyorutubisha udongo. Taarifa ya shule ikaandika kwamba hana bidii.

Aliomba ufadhili mwaka fulani, mahali fulani. Fomu ilimtaka aeleze uzoefu wake wa uongozi. Akaandika kwamba aliwahi kuongoza wanaume kumi na mmoja usiku wa manane kutoa kundi la tembo katika mashamba ya kijiji, wala hakuna aliyekufa. Jibu lilikuwa fupi: ambatanisha cheti. Cheti cha nani, Waheshimiwa? Cha tembo?

Ufadhili ukaenda kwa mwenzake wa bweni la mjini, kijana mwema kabisa, ambaye hajawahi kusikia bua la mhindi likivunjika gizani. Alisomeshwa aje kutufufua. Bado tunamngoja.

Simlaumu. Jirani yetu wa Butiama, Mwalimu Nyerere, alikwenda Edinburgh mwaka 1949 kwa ufadhili, na mwaka 1952 akarudi, akafundisha Pugu. Baadaye alitufananishia msomi na mtu wa kijiji chenye njaa aliyepewa chakula chote kilichobaki, apate nguvu ya kufuata msaada mbali. Asiporudi ni msaliti. Lakini wa kwetu tulimpa chakula, tukampa na ramani ya kwenda Dodoma, halafu hatukumwambia arudi na nini.

Kama kanuni zenu haziruhusu mkonga, basi nina ombi mbadala. Anayelinda usiku ahesabiwe ulinzi wake kama mafunzo kwa vitendo. Utafiti wake, awe Sokoine au Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Mwalimu Nyerere hapo Butiama, aufanyie kwenye mashamba yetu. Sagalla, Taita, nchini Kenya, wakulima walizungushia mashamba waya wenye mizinga ya nyuki. Tembo akiutikisa, nyuki humjibu. Asali nayo huuzwa. Aje ajaribu hapa, aone kama nyuki wa Mara nao ni wakali. Watafiti wa kilimo wa Ukiriguru wana mihogo iliyozalishwa kustahimili magonjwa, kama ile ya Mkombozi. Ajifunze kuizalisha pingili kwa pingili. Na fedha ya muhula wa mwisho msiitoe kwa kuona joho. Itoeni siku pingili safi zinaposhushwa kwenye gari, Mugeta, mbele ya watu.

Mkiona hayo ni mazito, rudini kwa mgombea wangu wa kwanza. Picha zake mbili za pasipoti nimeshindwa kuzipata, ila alama ya mguu ipo kwenye tuta la tatu shambani kwangu, na inatosha kuwa muhuri. Mahojiano ameomba yawe saa nane usiku. Njooni na tochi zenu.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,
Mlinzi wa Mahindi, Mugeta.

Nakala: Mpwa wangu, ambaye leo ni zamu yake na kesho ana mtihani.